Mrija Haunyonyi

Katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, mrija si neno la kilabuni peke yake. Mnyonyaji alikuwa na mirija, na kazi ya wananchi ilikuwa kuikata. Picha hiyo ikatukaa vichwani: mwenye mrija anavuta, wenzake wanakauka. Lakini hebu, msomaji, siasa tuiweke pembeni kidogo, tuuangalie mrija wenyewe. Mimi nasema mrija haunyonyi. Shahidi wangu ni pombe.

Twende Ikola, kijiji cha wavuvi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ikola iko Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Rukwa ndiko kwenye sifa ya kimpumu, pombe ya ulezi. Kimpumu hakimiminwi kwenye glasi. Maji ya moto yanatiwa juu ya machicha, mirija inaingizwa, watu wanakizunguka chombo. Mrija unafanya kazi mbili kwa mpigo: unapandisha kinywaji, unaacha machicha chini.

Mtu anaweza kuuona huo ni unywaji tu. Hapana, ni ufundi. Yeyote anayetengeneza pombe nyumbani, iwe wanzuki ya asali au mvinyo wa zabibu, lazima akutane na swali hilohilo: pombe itatokaje kwenye chombo ilimochachukia bila kutibua mashapo? Ukiinamisha pipa na kumimina, unatibua yote na hewa inaingia. Hewa ikizidi, bakteria wanageuza kileo kuwa siki. Ukitumia mpira na kuuanzisha kwa mdomo, kama wanavyofanya wenye boti wakihamisha petroli, unaigawia pombe vijidudu vya kinywani mwako. Jasho la wiki kadhaa linaishia kwenye kachumbari!

Ufundi huu ni wa zamani sana. Michoro ya makaburi ya Misri ya karne ya 15 kabla ya Kristo inaonyesha watu wakihamisha vinywaji kwa mirija kutoka mitungi mikubwa. Jiwe moja kutoka Amarna, la karne iliyofuata, linamwonyesha askari wa Kisyria ameketi, anakunywa bia kwa mrija mrefu, na kijana anamsaidia kuushika. Mikono ilijua. Midomo ilijua. Lakini kwa nini kinywaji kinapanda?

Wasomi wa Ulaya walijibu kwa karne nyingi kwamba maumbile yanachukia ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Basi, ukivuta hewa kutoka kwenye mrija, maji yanakimbilia kuziba pengo. Jibu tamu, ila mafundi wa visima walikuwa na habari nyingine. Mwaka 1638 Galileo aliandika jambo walilokuwa wakiliona kazini: pampu ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya kama mita 10, hata iwe nzima kiasi gani. Sasa maumbile yanachukia ombwe mpaka mita 10 tu, halafu yanachoka?

Mwaka 1644 Evangelista Torricelli alieleza kwenye barua kwamba sisi sote tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Mnywaji havuti kitu. Anaondoa hewa ndani ya mrija tu, na hewa iliyobaki nje, juu ya pombe, ndiyo inayoisukuma ipande. Mwaka 1648 shemeji yake Blaise Pascal alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na chombo cha zebaki, akakuta zebaki inashuka kadiri anavyopanda. Juu, bahari ya hewa ina kina kifupi. Ndiyo maana Ikola, penye mwinuko wa karibu mita 770, pampu bora kabisa ya kuvuta itakomea kama mita 9.4, wakati pwani ingefika 10.3.

Halafu kuna Otto von Guericke wa Magdeburg, Ujerumani, aliyebuni pampu ya ombwe karibu mwaka 1650. Unajua alianza na nini? Pipa la pombe! Alilijaza maji, akayavuta kwa pampu, na hewa ikapenya kwenye mbao kwa kelele kama za maji yanayochemka. Akahamia tufe la shaba. Hilo nalo likabonyea ghafla, likakunjamana kama kitambaa.

Mtengeneza mvinyo wa leo anayetumia pampu ya ombwe anarudia somo hilohilo. Anachukua chupa nene ya glasi yenye kizibo cha matundu mawili. Mpira mmoja unakwenda kwenye pampu, mwingine unazama kwenye pipa, juu ya mashapo. Pampu inatoa hewa chupani, na hewa ya chumbani inasukuma mvinyo uingie. Pampu yenyewe haigusi hata tone. Akiweka dumu la plastiki mahali pa chupa, litabonyea kama tufe la Guericke. Na akijaribu bia yenye gesi, povu litapanda mpaka limfikie kwenye pampu.

Torricelli aliandika barua. Guericke alitoa kitabu mwaka 1672. Kina mama waliopika kimpumu vizazi na vizazi hawakuandika, na sisi tuliosomeshwa hatukuwaandikia. Matokeo yake, kijana wa mjini anajua farasi 16 walioshindwa kuzitenganisha nusu mbili za tufe la Magdeburg, lakini hajui ni mmea gani uliokatwa kutengeneza mrija wa kimpumu, ulichujaje machicha, na nani alimfundisha nani.

Tumezoea kusema historia yetu ilinyonywa. Mara nyingine ni kweli. Lakini mrija unatufundisha kwamba ombwe halina nguvu ya kuvuta, linajazwa na chochote kilichokuwa kikisukuma kutoka nje. Ukurasa tulioacha wazi ulijazwa hivyohivyo. Wewe mwenye kalamu, bibi yako bado yupo? Kamuulize kuhusu mrija wake, na uandike.