Meli Iliyopita Kimamba kwa Gari Moshi

Mwaka 1978 nilikuwa nikifundisha historia darasa la sita, hapa hapa Kimamba. Siku moja nilikuwa nimeandika ubaoni habari za Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu, na miongoni mwa maneno yale nilitaja kwamba Wajerumani walikuwa na meli kubwa ya kivita katika Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, meli ilifikaje ziwani, nako ni mbali na bahari?" Nikamjibu kuwa ililetwa vipande vipande kwa reli. Akauliza tena, "Basi ilipita hapa kwetu?" Darasa zima likageuza shingo kutazama dirishani, upande wa kituo. Kipindi kilikuwa kinakaribia kwisha, nami nikasema, "Andikeni yaliyoko ubaoni."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto huanzishwa na kile anachokijua ndipo apelekwe kwenye asichokijua. Siku ile mtoto ndiye aliyenikumbusha kanuni ile, nami nikamnyamazisha. Jibu lake nalitoa leo, nikiwa mzee.

Ndiyo, ilipita hapa. Meli yenyewe iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, kaskazini magharibi ya Ujerumani. Urefu wake ulikuwa kama mita 71 na upana wake mita 10. Ilipokwisha kuungwa kwa boliti ili kuhakikisha kila kipande kinakubaliana na mwenzake, ikafunguliwa yote, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, na kupakiwa katika meli za kuja Dar es Salaam. Huko makasha yakapandishwa katika mabehewa. Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Hakuna njia nyingine ya gari moshi ya kwenda Kigoma. Basi kila bamba la chuma, kila ubavu wa meli ile, ulipita mbele ya mlango wetu, juu ya mataruma ya chuma yaliyowekwa kwa kuogopa mchwa. (Mabaharia nao huziita mbavu za chombo mataruma. Mataruma yalipita juu ya mataruma.)

Vitabu vinawataja mafundi watatu waliotoka Papenburg kuja kuiunga upya pale Kigoma: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Sina kinyongo nao. Walikuwa mafundi hodari. Lakini mafundi wa Kihindi na vibarua wetu waliofanya kazi nao, waliobeba makasha yale na kushikilia mabamba yakigongwa, hao majina yao hayamo katika kitabu chochote nilichopata kukisoma. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini, na mwezi wa Juni ikaanza kazi.

Ilipewa jina la Graf von Götzen. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Gustav Adolf von Götzen ndiye aliyekuwa Gavana tangu mwaka 1901 hadi 1906, yaani ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipowaka. Moto ule ulifika hata huku wilayani kwetu, kwa Wavidunda. Majeshi ya Gavana yalichoma vijiji, ghala na mazao mashambani, njaa ikamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Miaka michache tu baadaye, jina la mtu huyo likapitishwa katika nchi hiyo hiyo, na makasha yake yakapakuliwa na watu ambao huenda walikuwa wamefiwa kwa sababu yake. Nimefundisha Maji Maji miaka mingi, na nimefundisha meli ile miaka mingi, kila moja katika kipindi chake. Sikuwahi kuziunganisha.

Na si meli tu iliyopita. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, mizinga yake iliopolewa, na mmoja wenye kipenyo cha sentimita 10.5 ukapelekwa Kigoma kufungwa katika meli yetu. Huo nao ulipita hapa.

Vita vyenyewe havikuifaa sana. Ilibeba askari na shehena kusini na kaskazini ya ziwa, hata Waingereza walipofika na mashua zao mbili, Mimi na Toutou, zilizovushwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini na kupitia Kongo. Mashua hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916, lakini kamanda wao, Spicer-Simson, hakuthubutu kulikabili lile kubwa. Mwishowe mzinga ukang'olewa kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa bandia. Ndege za Wabelgiji zikaja kutupa mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 mafundi wale wale walioiunda wakaipaka mitambo grisi nene, wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mtu hapaki grisi kitu asichotumaini kukirudia.

Wabelgiji waliiibua baada ya vita, tufani ikaizamisha tena pale Kigoma. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo bado mizima, na mwezi wa Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe, ambalo Livingstone alilisikia alipofika mwaka 1867. Jina la Gavana likaachwa chini ya maji.

Mimi niliisikia kwanza si kitabuni. Utotoni mwangu mashamba ya mkonge ya hapa yalikuwa na manamba Waha walioletwa kwa gari moshi kutoka Kigoma. Jirani yetu mmoja, aliyefanya kazi kwenye korona, kila mara alisema "meli yetu", nasi watoto tukimcheka, tukiuliza Mha ana meli gani. Niliipanda mwenyewe mwaka 1984, kwenda Kipili. Injini za mvuke zilikuwa zimekwisha ondolewa na kuwekwa za dizeli. Usiku ilipiga honi mahali pasipo na gati, mitumbwi ikaja na taa kuizunguka, akina mama wakashuka na watoto mgongoni na magunia ya dagaa yakapanda. Nilishika ukuta wake wa chuma, lakini sikufikiri habari za Kimamba hata kidogo.

Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kurudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwezi wa Mei 2015 ikaenda Kagunga, kijiji ambacho wakati huo hakikuwa na barabara, kuwachukua Warundi waliokimbia machafuko na kurundikana ufukweni, ikiwaleta Kigoma mamia kwa mamia kila safari. Meli iliyotumika vitani ilikuwa na umri wa miaka mia moja.

Nirudi kwa yule kijana. Mwaka ule wa 1978 alikuwako hapa mzee mmoja aliyewahi kuwa kibarua wa reli tangu enzi za Mjerumani. Meno yalikuwa yamekwisha, lakini akili ilikuwa timamu, na alipenda kusema. Tulisalimiana kila asubuhi nikienda shuleni. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwalimu." Angeweza kumweleza mtoto yule kama aliyaona makasha, yalisimama siku ngapi, nani aliyapa maji magari yaliyoyavuta. Alifariki mwaka 1981. Kibanda chake kilionekana kutoka dirisha lile lile la darasa.