Nani alituamulia tusahau Anvil? (Uzi)

1/ Nimekulia Bahati, Eastlands. Kila kampeni lazima mtu ataje "mashujaa wetu" jukwaani. Wacha tuone walisahauliwa vipi.

2/ 24 Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza walizingira Nairobi: Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani. Gunia likitingisha kichwa, umeenda Manyani ama Mackinnon Road. Maelfu walifungwa bila kesi.

3/ Uhuru ulikuja 1963, lakini Mau Mau ilibaki haramu hadi 2003. Miaka 40! Sababu moja: wengi waliokuwa homugadi walishapata vyeo na mashamba. Ukikumbuka sana, utauliza shamba lilitoka wapi.

4/ 2013 Uingereza ilikubali kulipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9. 2015 mnara ukazinduliwa Uhuru Park. Sawa. Lakini mnara unaonyesha mpiganaji na mwanamke anayempa chakula, hauonyeshi gunia.

5/ Kwetu tulikuwa na wote wawili: aliyefungwa, na aliyevaa gunia. Shosho akisikia Mau Mau kwa redio, anazima.

6/ Kwa hivyo mtu akitaja mashujaa, usipige makofi kwanza. Muulize anaacha nani nje.