Tawi la Mbuni Halisimami

Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu dogo lililozungushwa na maji ya kijito, mizunguko 150 kwa dakika, akaziacha ziote. Mizizi ilielekea nje ya gurudumu, vichipukizi vikaelekea katikati. Knight akawa amethibitisha kwamba mche haufuati udongo wala mwanga peke yake. Unaitikia mvuto: mzizi huufuata, kichipukizi huupinga. Tangu hapo maabara imeshika mwendo huo huo: ukitaka kujua uzito unaufanyia nini mmea, uvuruge uzito wenyewe, na ukipata uwezo uuondoe kabisa.

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hakuna aliyehitaji kuuondoa. Kwenye kibanja cha Mhaya, migomba na mibuni ikiwa pamoja, uzito huachwa ulivyo na mmea ndio unaogeuzwa mkao. Mche wa robusta huinamishwa na kufungwa kwenye kigingi ili shina litoe maotea kadhaa, na yote hupanda wima. Hata vanila, mgeni wa juzi tu katika mkoa huu, imeingizwa kwenye desturi hiyo: rando likishapanda mti wake wa kuegemea, hurudishwa chini kupitia panda ya tawi lining'inie, maana hapo ndipo maua yanapotarajiwa. Mgomba uliolemewa hupigiwa nguzo upande unaoinamia.

Mkungu wenyewe unastahili kutazamwa vizuri. Bua lake hushuka. Lakini kila chane linapofunuliwa, ndizi zake, ambazo mwanzoni zilitazama chini, hujipinda siku baada ya siku hadi zikaelekea juu. Mvuto ni mmoja, mmea ni mmoja, na majibu ni mawili.

Katika kutafuta kinachohisi mvuto, maabara ilianza na mzizi. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba inayohisi ni ncha ya mzizi, ilhali kupinda kunatokea nyuma yake. Mwaka 1900 wanabotania Gottlieb Haberlandt na Bohumil Němec, kila mmoja kivyake, wakazitaja punje za wanga zilizomo ndani ya seli maalumu, punje nzito zinazozama upande wa chini wa seli kama mchanga ndani ya kibuyu. Ukiulaza mche, punje hutua ubavu mpya, na homoni ya auksini ikaelekezwa kwa wingi upande wa chini. Kwenye mzizi auksini ikizidi hupunguza ukuaji, kwa hiyo mzizi hupinda chini. Kwenye shina huuharakisha, nalo likapinda juu.

Ili maelezo haya yapimwe, punje zilipaswa kunyimwa pa kutua. Ndani ya chombo kinachoizunguka dunia mvuto wa dunia haujaisha. Chombo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja, basi hakuna kinachokilemea kingine. Mwaka 1992 miche ya dengu ya watafiti wa Kifaransa, akina Gérald Perbal na Dominique Driss-Ecole, ilipelekwa huko katika maabara ya Spacelab. Punje hazikuelea ovyo. Zilisogea kuelekea kwenye kiini cha seli, zikivutwa na nyuzi za protini iitwayo aktini. Kumbe hata huku ardhini punje haziko huru: uzito unazishusha, nyuzi zinazishikilia, na mche unaishi katikati ya mivuto hiyo miwili. Baadaye, katika kituo cha kimataifa cha anga, dengu zilikadiriwa kuhisi mvuto mdogo wa kushangaza, kama sehemu moja au mbili tu kati ya laki moja za huu tulio nao. Hilo mkulima wa Muleba hakulijua, na asingeweza kulijua.

Nasema hivyo kwa sababu upo mtindo wa kuandika kwamba wazee wetu waliyajua yote kabla ya Wazungu. Siukubali. Kujua nguzo iegemezwe wapi si kujua punje za wanga. Ila nao wanaoona shamba ni utangulizi mchanga wa maabara hawajaingia kwenye kitalu cha kahawa.

Aina bora za robusta kutoka kituo cha utafiti cha Maruku, zikiwemo Bukoba 1 na Muleba 1, huzalishwa kwa vikonyo. Kikonyo hukatwa kwenye otea linalopanda wima, pingili moja, majani yake yakapunguzwa nusu, kisha huchomekwa chini ya nailoni. Hakikatwi kwenye tawi la pembeni. Kipande cha tawi nacho kinaweza kutoa mizizi na majani, lakini mche wake hausimami. Huendelea kutambaa kwa ubavu miaka na miaka. Uzito unauhisi, ila umeuitikia kwa namna ya tawi, na hauiachi hata ukiwa peke yake bila mama.

Wataalamu walichelewa kulitazama jambo hili la pembe ya tawi. Mwaka 1995 watafiti Digby na Firn walipendekeza kwamba kila kiungo cha mmea kina pembe yake ya kukaa dhidi ya mvuto. Mwaka 2013 kundi la Stefan Kepinski wa Chuo Kikuu cha Leeds lilizungusha miche kwenye klinostati, mashine inayougeuza mmea polepole ili mvuto usiwe na upande. Matawi yakatanuka nje. Pembe ya tawi, wakasema, ni suluhu ya nguvu mbili, moja ya kulipandisha na nyingine ya kulizuia, na auksini inahusika katika zote. Maelezo ni mazuri, lakini yametoka kwenye mimea midogo kama Arabidopsis, njegere na maharage. Tawi la mbuni linauliza swali gumu zaidi: pembe hiyo inakumbukwaje?

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu, iliyoko Vienna, iliwahi kugawa klinostati kwa shule na vyuo. Walimu wa biolojia wa Kagera, itafuteni mashine hiyo. Mkiipata, msiishie kwenye maharage ya kitabuni. Wekeni na mche wa kikonyo cha tawi.