Gobore la Babu, shotgani ya Mjomba na visahani vya mjini



Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe, ukimaliza habari ya mkutano unatumwa kwenye mkutano mwingine. Leo naomba tuache siasa, tuzungumze bunduki. Usishtuke, hakuna aliyeuawa.

Kisa chenyewe kilianza kwa simu ya Mjomba wangu wa Ikungi, kule Singida. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za mvua (huku kwetu Dar mvua ni foleni, kule mvua ni chakula) akaingia moja kwa moja. Anataka kuomba kibali cha kumiliki bunduki ya marisau, yaani shotgani. Kanga wanamfukulia mbegu kila msimu, njiwa wanamalizia zinazobaki, na kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kabla hujawinda, amesema safari hii atafuata taratibu zote, leseni mkononi na bunduki halali begani. Ila hela aliyonayo ni ya bunduki moja tu. "Sasa mjomba, wewe si umesoma? Niambie, bunduki moja inayofaa kila kitu ni ipi?"

Mimi? Bunduki nimezishika mara moja tu maishani, na hiyo mara moja ni wiki hiyohiyo aliyopiga simu. Rafiki yangu mmoja, ambaye siku hizi mambo yake si haba, alikuwa amenipeleka kupiga visahani. Kama hujawahi kuona, kuna mashine inarusha kisahani hewani, nawe unatakiwa ukivunje kabla hakijatua. Raundi moja ni visahani 25. Nilivunja vinne, na cha nne nadhani kilijivunjikia chenyewe. Na huyo rafiki naye, akiwa ananunua ya kwake, alikuwa na swali lilelile la Mjomba: bunduki moja, kazi zote.

Basi nikaona hili ni swali la kuchimba. Nikachimba. Nilichokipata ni kwamba kwa watu wa Ikungi swali hili lina historia ndefu, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo waliojibu hawakuwa watu wa Ikungi.

Tuanze mbali kidogo. Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita nchi ya Wanyaturu, ambayo ndiyo Singida ya leo, ukapiga kambi mahali alipopaandika kwa jina la Vinyata. Wakakorofishana na wenyeji. Vita vikapiganwa kwa siku tatu. Upande mmoja una bunduki za Snider na magobore, upande mwingine una pinde, mishale na mikuki. Stanley alichoma vijiji, lakini naye alipoteza watu zaidi ya 20. Nilisoma Singida sekondari na hakuna mwalimu aliyewahi kunigusia habari hii. Tulikariri Vita vya Waterloo.

Somo ambalo nchi nzima ililipata miaka ile halikuwa gumu: tafuta bunduki. Magharibi ya Singida, Mirambo na rugaruga wake walikuwa wamekwishalielewa kabla hajafariki mwaka 1884. Zanzibar ilikuwa soko. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza aliyekuwa huko alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa makuukuu ya majeshi ya Ulaya, zimeshachakaa, zinauzwa kwetu kwa pembe za ndovu.

Halafu wakubwa wakashtuka. Tarehe 2 Julai 1890 wakatia saini Mkataba wa Brussels. Wengi tunaukumbuka kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa kuuzwa kwa wenyeji. Kilichoruhusiwa ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa Kiswahili cha mtaani: Mwafrika abaki na gobore.

Soma tena tarehe. Mwaka 1890 huko Ulaya bunduki ya kushindilia kwa mbele ilikuwa kitu cha babu zao. Wao walikuwa na bunduki za kuvunja katikati, unachomeka risasi kwa nyuma, unafunga, unapiga. Sisi tukabakishiwa teknolojia ya karne iliyopita. Ni kweli wapo waliojitafutia za kisasa kwa njia nyingine. Wahehe wa Mkwawa walipolipiga jeshi la Zelewski pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, waliondoka na bunduki zipatazo 300. Lakini Mkwawa ni mmoja. Mkulima wa kawaida alibaki na gobore chini ya Mjerumani, akabaki nalo chini ya Mwingereza, ambaye mwaka 1921 alileta sheria yake ya kuhifadhi wanyamapori. Na gobore halikufa na uhuru. Mafundi wa vijijini waliendelea kuliunda kwa mabomba na vyuma vya kuokoteza.

Babu yangu alikuwa na moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, na sisi wajukuu tulidhani wazee wote wako hivyo. Kumbe siku moja alizidisha baruti, mtutu ukapasuka. Fundi akaliunga upya, naye akaendelea kulitumia! Alipofariki likabaki darini. Ilipokuja Operesheni Tokomeza mwaka 2013, nyumba nzima ilikosa usingizi kwa ajili ya lile bomba, hadi operesheni iliposimamishwa. Mwaka 2022 serikali ilipotoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, Mjomba alilifunga kwenye gunia akalipeleka. Aliniambia hakujisikia vibaya hata kidogo, isipokuwa njiani kurudi.

Haya, turudi kwenye shotgani yenyewe, maana hapa ndipo historia ilipookoa vidole vya mtu.

Wiki mbili baada ya ile simu, Mjomba akanitumia picha kwa WhatsApp. Kuna mzee pale Singida mjini ana shotgani ya mitutu miwili, ya urithi, anaiuza kwa bei ya kutupa. Mjomba alikuwa amekwishaipenda. "Ni ya Kiingereza hii, mjomba. Tazama ilivyo na maua." Nikatazama. Kweli mitutu ilikuwa na michoro ya mawimbi mawimbi kama maji yanayotiririka juu ya mchanga. Nikamwomba apige picha chini ya mitutu, sehemu inayofichwa na mbao. Akapiga. Kulikuwa na mihuri midogo midogo, na kati yake maneno ya Kiingereza NOT FOR BALL, maana yake usitie risasi nzima, tia marisau tu.

Nikakesha na intaneti usiku ule, wadau. Yale mawimbi si maua ya kupamba. Ni alama ya mitutu iliyotengenezwa kwa kusuka vipande vya chuma na chuma cha pua, vikazungushwa kama kamba na kufuliwa pamoja, aina inayoitwa Damascus. Na ule muhuri ulikuwa ukigongwa na vyumba vya majaribio vya Uingereza kati ya mwaka 1875 na 1887, kwenye mitutu iliyobanwa mdomo.

Kubana mdomo ni nini? Marisau ni vile vigololi vidogo vya risasi. Vikitoka mtutuni vinatawanyika. Fundi mmoja wa Newcastle aitwaye Pape alichukua hataza ya ubanaji huo mwaka 1866, na W. W. Greener wa Birmingham akaupa umaarufu katika miaka ya 1870: ukiupunguza upenyo wa mtutu kidogo sana pale mdomoni, marisau yanakwenda yakiwa yameshikana. Kipimo chao ni duara la sentimita 76, umbali wa mita 36 na ushei. Mtutu usiobanwa hutia ndani ya duara kama asilimia 40 ya marisau. Uliobanwa kabisa hutia kama asilimia 70. Ndiyo siri yote.

Kwa hiyo bunduki aliyokuwa anaitaka Mjomba ilizaliwa karibu na siku za Stanley na Mirambo, wakati baruti ilikuwa ile nyeusi ya moshi. Risasi za leo zina baruti isiyo na moshi, ambayo msukumo wake mtutuni ni mwingine kabisa. Isitoshe, bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chumba cha milimita 65, ilhali risasi ya kawaida ya leo inahitaji chumba cha milimita 70. Na ubaya ni kwamba inaingia! Unaichomeka, unafunga, kila kitu kinaonekana sawa. Ganda linapofunguka linakosa nafasi, msukumo unapanda, na mtutu wa kusuka wenye kutu ya miaka 140 ndani yake ndio unaotakiwa kuvumilia, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako.

Nilimpigia saa kumi na mbili asubuhi. "Mjomba, usiinunue." Akanyamaza. Nikamwambia habari ya Babu na vidole. Akasema, "Sawa, nimekuelewa." Bei ya kutupa ilikuwa na sababu yake, ingawa sidhani kama yule mzee mwenyewe aliijua.

Sasa inunuliwe ipi? Ukubwa si tatizo, namba 12 inapatikana kila mahali. Namba yenyewe maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi ukiigawa katika gololi 12 zinazolingana, gololi moja ndiyo inajaa mtutu huo, kama milimita 18 na nusu. Ndiyo maana namba 20 ni ndogo kuliko 12, jambo lililonichanganya siku nzima.

Tatizo ni kanga na kisahani. Kisahani kilizaliwa kwa sababu ya ndege hai. Zamani matajiri walikuwa wakiachia njiwa kutoka vizimbani na kuwapiga kwa mashindano. Katika Michezo ya Paris ya mwaka 1900 waliuawa karibu 300, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa njiwa 21. Lakini tayari mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky wa Cincinnati alikuwa amebuni kisahani cha udongo. Cha leo wala si udongo, ni lami na unga wa chokaa, upana milimita 110. Kinaruka kasi, na katika mchezo wa skeet unakipiga kikiwa karibu, hivyo unataka marisau yatawanyike. Mara nyingi vinarushwa viwili kwa mpigo, hivyo unataka risasi mbili.

Kanga wa Ikungi hajui habari hizo. Anakimbia chini, hapendi kuruka, na ukimkaribia ameshafika kijiji cha pili. Mwindaji wa kwetu anajificha, anangoja wapange mstari, anapiga mara moja. Mwingereza ataona ni aibu kumpiga ndege aliye chini. Mwingereza hakununua risasi kwa hela ya alizeti. Kwa mpigo wa namna hiyo unataka mtutu mmoja mrefu uliobanwa, na ndivyo zilivyo shotgani nyingi za bei nafuu za mtutu mmoja, kama zile za Izhevsk, Urusi, zinazouzwa kwa jina la Baikal. Greener naye aliwahi kuunda ya mtutu mmoja akaiita GP, kifupi cha kazi zote. Kazi zote za nani, hakusema.

Rafiki yangu wa mjini nilimshauri mitutu miwili ya kupandana, yenye midomo ya kubadilisha mbano: legeza ukienda kwa visahani, bana kiasi ukienda kwa kanga. Kama hela ipo, hilo ndilo jibu la swali, na mimi naliamini. Mjomba nilimweleza hivyohivyo, na habari ya visahani juu.

Akacheka sana. "Visahani mjomba ninavyo vya kulia mboga. Nikianza kuvipiga shangazi yako atanielewa?" Anataka mtutu mmoja, mpya, wa chumba cha milimita 70. Akaniuliza kama itafaa na kwa kwelea kwelea, nikamwambia hapana. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku; wakija milioni moja hiyo ni tani 10, wakati risasi ya gramu 28 ya marisau namba 6 ina vigololi kama 270. Hao wasubiri ndege ya kunyunyizia dawa, au awaige watu wa Kondoa wanaowatega na kuwala.

Barua yake ya maombi iko serikali ya kijiji. Ikitoka hapo inakwenda kamati ya ulinzi na usalama ya kata, halafu wilaya, halafu mkoa. Jana ameniandikia kwamba yule mzee wa Singida mjini bado ana ile bunduki ya mawimbi, na kuna kijana mwingine ameshaanza kuiulizia. Nimemwomba namba ya huyo kijana.