Breki mbovu na wito wa kiwandani: Kwa nini habari haifiki Gesima

Anayesafiri kutoka Keroka kwenda Gesima, katika eneobunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, aghalabu hana nafasi ya kuangalia miguu ya dereva. Amebanwa na wenzake ndani ya Toyota Probox, mzigo wa jirani u magotini pake, na gari linateremka mlima ambao mvua ya jana imeuacha na utelezi. Anachojua ni kwamba gari likisimama panapotakiwa, breki ni nzima. Lisiposimama, huwa ni kuchelewa kuuliza maswali.

Swali moja ambalo aghalabu halijaulizwa na yeyote humo garini ni hili: je, kiwanda kilichounda gari hili kiliwahi kutangaza kwamba lina dosari na kuwataka wenyewe walirudishe likarekebishwe? Tangazo la namna hiyo ndilo linaloitwa wito wa kurejesha magari. Hutolewa pale mwundaji, au serikali ya nchi yake, anapogundua kwamba kipuri fulani kilichotiwa katika maelfu ya magari kinaweza kuhatarisha maisha. Gari halinyang'anywi mwenyewe. Hupelekwa kwa wakala wa kampuni, kipuri kikabadilishwa pasipo malipo, kisha mwenye gari akaenda zake.

Marekani ilipitisha sheria yake ya usalama wa magari mwaka 1966, na Japani ikaanzisha utaratibu wa kuwaarifu wananchi kuhusu dosari za magari mwaka 1969. Hiyo ya Japani ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya magari yanayopanda na kushuka milima ya Gusii yalianzia maisha yake huko.

Utaratibu huo haukufuatwa kwa uaminifu siku zote. Mwaka 2000, kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja kuhusu dosari za magari yake. Hata baada ya kukiri, mambo hayakuishia hapo. Januari 2002, gurudumu la lori la kampuni hiyo lilichomoka mjini Yokohama na kumuua mama aliyekuwa akitembea na wanawe. Oktoba mwaka huo huo, katika mkoa wa Yamaguchi, mhimili unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya lori lingine ulikatika na kuharibu mfumo wa breki. Lori likaenda mrama na dereva akafa. Kampuni ilikuwa imedai kwamba chanzo cha gurudumu kuchomoka ni matunzo duni ya wenye malori. Ilikuja kukubali mwaka 2004 kwamba kosa lilikuwa katika uundaji, na baadhi ya wakuu wake wa zamani wakatiwa mbaroni. Malori ya Fuso yanajulikana sana nchini Kenya, na msomaji aliyewahi kusikia mwenye lori akilaumiwa kwa "kutotunza gari" ana sababu ya kulikumbuka jambo hili.

Kuhusu breki hasa, mwaka 2010 ulikuwa mgumu kwa Toyota. Februari mwaka huo iliyaita magari yapatayo 437,000 ya Prius na mengine yanayotumia petroli pamoja na umeme, kwa kuwa programu ya kompyuta inayozuia magurudumu yasijifunge ilisababisha breki kusita kwa muda mfupi kwenye barabara mbovu au yenye utelezi. Mkuu wa kampuni hiyo, Akio Toyoda, alifika mbele ya bunge la Marekani mwezi huo huo kujibu maswali, zaidi kuhusu magari yaliyodaiwa kuongeza mwendo yenyewe.

Wito wa pili haukuvuma kama ule wa kwanza, lakini kwa fundi wa Keroka ndio wenye mafunzo zaidi. Oktoba 2010 Toyota iliyaita magari yapatayo milioni 1.5 duniani, mengi yakiwa Marekani na Japani. Mengi kati ya hayo yalikuwa na tatizo katika mpira mdogo ulio ndani ya silinda kuu ya breki. Mpira huo ungeweza kukauka na kuvujisha mafuta endapo mwenye gari angetia mafuta ya breki yasiyo na viambato vilivyomo katika mafuta yaliyopendekezwa na kiwanda. Mafuta yakivuja, taa ya onyo huwaka, kanyagio huwa laini, na hatimaye nguvu za breki za mbele hupungua. Yaani dosari ilikuwa ya kiwanda, lakini iliyoiamsha ni chupa iliyonunuliwa dukani.

Ili kulielewa hilo, inafaa tuangalie breki zinavyofanya kazi. Dereva akikanyaga, silinda kuu husukuma mafuta kupitia mabomba membamba hadi kwenye kila gurudumu. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika ilivyo. Katika magurudumu ya mbele ya Probox mafuta hayo huzibana pedi dhidi ya diski. Katika yale ya nyuma huvisukuma viatu vya breki dhidi ya ngoma ya chuma ambayo mafundi huiita drami. Msuguano huo ndio unaolisimamisha gari, na msuguano huzaa joto.

Joto lenyewe si dogo. Tuchukue Probox yenye watu 12, ambayo kwa jumla itakuwa na uzito wa kilo 1,800 hivi. Ikiteremka kutoka kilimani hadi mtoni, kimo cha mita 200, na dereva akiishikilia kwa breki peke yake, joto linalotolewa linatosha kuchemsha lita 10 za maji baridi. Joto hilo lote linaishia katika vipande vichache vya chuma vyenye ukubwa wa sahani ya ugali. Aidha, gari hilo liliundwa kubeba watu watano na mzigo wa kilo 250 au, likiwa na watu wawili tu, mzigo wa kilo 400. Watu 12 wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 780. Hakuna kiwanda kitakachotoa wito kwa sababu ya kosa hilo, kwani si lake.

Sasa turudi kwenye mafuta. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Dereva hukanyaga na kanyagio likaenda hadi sakafuni bila kupata kitu. Hapo ndipo watu husema breki zimekatika, ilhali fundi akilikagua gari saa mbili baadaye, baada ya kupoa, atakuta kanyagio gumu na asione kasoro yoyote. Katika eneo lenye mvua nyingi kama Nyamira, chupa iliyoachwa wazi rafuni tangu msimu uliopita haifai kutiwa katika gari lolote. Mbaya zaidi ni desturi ya kuongezea mafuta ya injini au ya usukani pale ya breki yanapokosekana. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira yote ya mfumo, na tiba yake ni kuibadilisha yote.

Vipuri bandia ni mkasa mwingine. Pedi zinazouzwa kwa bei ya kutupa huweza kuwa na sura na kasha vya kampuni mashuhuri, lakini kile kilichobandikwa juu ya bati kisihimili joto. Zinafanya kazi vizuri mjini Kisii penye tambarare fupi na msongamano. Zinaanza kuteleza katikati ya mteremko. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina mamlaka ya kuondoa sokoni bidhaa zisizofikia viwango. Hata hivyo, wakaguzi hawawezi kufungua kila kasha lililotoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na kufikishwa Keroka kwa basi la usiku. Njia rahisi kwa mnunuzi ni kudai risiti yenye jina la duka, na kumtaka fundi amrudishie vipuri vya zamani ili avilinganishe na vipya. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kujibu swali.

Lakini kwa nini wito wa kiwandani usifike Gesima? Sababu kubwa ni namna gari linavyobadilisha mikono. Nchini Japani, kampuni huchukua anwani za wenye magari kutoka kwa sajili ya serikali na kuwaandikia barua. Gari likiuzwa nje, hufutwa katika sajili hiyo. Barua haina tena pa kwenda. Huku Kenya, wakala wa kampuni ana orodha ya magari aliyoyauza mwenyewe yakiwa mapya, si yale yaliyoshushwa bandarini Mombasa na waagizaji wa mitumba. Kwa hivyo mwenye gari jipya la bei ghali hupigiwa simu, na mwenye Probox asisikie lolote.

Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa hauzibi pengo hilo kikamilifu. Kiwango cha KS 1515:2000 kinataka gari lisizidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, liwe la usukani wa kulia, na likaguliwe kabla ya kuletwa nchini. Ukaguzi huo huonyesha hali ya gari siku ile. Wito uliotolewa miaka mitatu baadaye, gari likiwa tayari limezoea barabara za Rigoma na Magombo, hauwezi kuwamo katika cheti hicho. Mfano ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyokuwa na dosari ya kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Wito wake ulihusu mifuko zaidi ya milioni 100 duniani, katika magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengineyo, na uliendelea kupanuliwa mwaka baada ya mwaka hadi kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017.

Kisheria, mnunuzi Mkenya hajaachwa mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na dosari. Kuna pia Sheria ya Ushindani ya 2010 na ile ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya 2012. Kwa upande mwingine, Sheria ya Trafiki inakataza gari kutumiwa barabarani likiwa katika hali inayoweza kuwahatarisha wengine, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, hukagua magari ya abiria na ya biashara kila mwaka. Tatizo ni kwamba magari mengi yanayobeba abiria vijijini hayana leseni ya kazi hiyo. Aliyejiandikisha kama gari la kibinafsi hapangi foleni ya ukaguzi wa matatu.

Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, liliwaua watu 52, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Julai 2022 basi lilikuwa limetumbukia katika daraja la Nithi na kuwaua zaidi ya watu 30. Kila baada ya msiba wa aina hii neno breki hutajwa mapema, mara nyingi kabla ya mtu yeyote kulifungua gurudumu na kutazama. Pengine kweli breki zilikatika, pengine dereva alisinzia. Bila uchunguzi wa kipuri chenyewe, hakuna awezaye kumwambia mwundaji kwamba bidhaa yake ina dosari. Tunachoma mabaki au kuyauza kwa kilo, na ushahidi ukaenda na chuma chakavu.

Mwenye gari anayetaka kujua anaweza kuanza mwenyewe. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumiwa Marekani na Ulaya. Yana namba ya fremu, yenye herufi za modeli na tarakimu saba baada yake. Probox za zamani zenye injini ya lita 1.5, kwa mfano, huanza na NCP51, na zile zilizoundwa baada ya mabadiliko ya 2014 huanza na NCP160. Namba hiyo imo katika hati ya umiliki na kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Wanaoiandika katika tovuti za Marekani huambiwa namba haipo na kukata tamaa, ilhali walipaswa kuiandika katika ukurasa wa Kijapani wa kampuni husika. Ukurasa huo haudai jina la mwenye gari wala malipo, na kijana yeyote wa saiba mjini Keroka anaweza kuufasiri kwa kompyuta.

Jibu likionyesha kwamba kuna wito ambao haujatekelezwa, chapisha ukurasa huo na uupeleke kwa wakala wa kampuni. Uliza kwanza, kwa maandishi, kama kazi itafanywa bure kwa gari lililoagizwa likiwa mtumba, kwani si kila wakala anayekubali. Akikataa, bado umepata jina na namba ya kipuri chenye dosari, na hicho fundi wako anaweza kukitafuta kipya.