Kamirithu: Jukwaa lilivunjwa, funzo lingalipo

UKISIMAMA Kericho ukatazama majanichai yanavyotanda kuelekea Bomet, utafikiria mishahara, bei ya bonasi na mashine za kuchuna. Mchezo wa kuigiza hautakujia akilini. Lakini kikundi cha maigizo kilichowahi kuitia serikali ya Kenya kiwewe kilizaliwa katika nchi ya majanichai vilevile: kijiji cha Kamirithu, Limuru. Limuru ndiko chai ilikopandwa mara ya kwanza nchini, mwaka wa 1903, takribani miongo miwili kabla ya kampuni za Waingereza kufungua mashamba makubwa Kericho.

Kamirithu ni kijiji cha miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipowakusanya watu kwa nguvu. Mnamo 1976 wanakijiji walianzisha masomo ya ngumbaru katika kituo chao. Wanafunzi walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilicho karibu. Kutoka kusoma na kuandika, kituo kikaingia katika maigizo.

Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika rasimu ya tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Kimani Gecau akaielekeza. Sasa sikiliza, msomaji wangu, kwa maana hapa ndipo penye kiini. Rasimu ile haikupokelewa kama Msahafu. Wanakijiji waliikosoa. Wazee walisema, la, mtu wa rika hili hazungumzi hivyo. Wafanyakazi wa kiwandani wakaeleza kazi yao inavyofanyika na wanavyonyonywa. Maprofesa wakawa wanafunzi. Mazoezi yalifanywa hadharani, na ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000 ukajengwa na wanakijiji wenyewe.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Wiki sita tu baadaye, Novemba 16, leseni ikafutwa. Mwishoni mwa Desemba, Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kuzuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka wa 1982 kikundi kikajaribu tena kwa Maitu Njugira. Kikafungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, Nairobi, na mnamo Machi polisi wakaubomoa ule ukumbi wa kijijini. Ngugi wa Mirii na Gecau wakatorokea Zimbabwe.

Lakini je, ni nini kiliogopwa? Ngugi alikuwa ameshaandika vitabu vikali kwa Kiingereza, na hakufungwa kwa ajili yavyo. Safari hii kibarua alisikia maisha yake yakisemwa kwa lugha yake, na aliyeyasema alikuwa jirani yake. Hilo ndilo lililouma.

Turudi huku kwetu. Katika kambi za mashamba ya Kericho na Bomet, Mkipsigis, Mgusii, Mluo na Mluhya huishi mlango kwa mlango. Kinachowaunganisha kwenye mizani ya kupimia majani ni Kiswahili. Si kile cha mtihani, bali Kiswahili cha kazi, chenye jasho na utani. Lugha ya jukwaa tunayo tayari, bwana!

Tamasha la drama la shule limekuwepo tangu 1959, na limetukuza vipaji vingi. Hata hivyo, mara nyingi mchezo huandikwa na mwalimu, hupimwa na majaji, kisha kombe huwekwa kabatini. Mzazi anayechuna majani hajauona, sembuse kuulizwa iwapo mchuna majani huongea hivyo.

Basi mwalimu wa Kiswahili, kabla ya kuipeleka kazi yako kwa majaji, ipeleke kambini Jumapili jioni. Isome mbele ya wachuna majani. Wakicheka mahali ambapo hukukusudia kuchekesha, uliza kwa nini, kisha uchukue kalamu. Kijijini Kamirithu mianzi na mbao zilivunjwa kwa siku moja tu. Ile desturi ya mwandishi kukubali kusahihishwa na anaowaandika haihitaji mianzi wala mbao, wala haina leseni ya kufutwa.