Kutotoa vifaranga kwa kuku wa kienyeji ukiwa Port Bell: unachopaswa kujua

Mkimbizi anayeishi Kampala kwa kawaida hapati mgao wa chakula unaotolewa kwenye makazi kama Nakivale au Kyaka II. Anatarajiwa kujitegemea. Kwa familia nyingi, kuku wawili watatu nyuma ya nyumba ni akiba ya ada ya shule au dawa. Makala hii inaeleza jinsi ya kupata vifaranga bila mashine wala umeme, kwa kumtumia kuku anayeatamia (wengine husema kulalia mayai).

Kuku akiatamia hatagi. Mayai yakiharibika, umepoteza siku 21 pamoja na mayai ambayo ungeyauza au kuyala. Hasara nyingi huanza kabla kuku hajakaa kwenye kiota, kwa hiyo anza na mayai.

Mayai gani yanafaa?

Mayai ya trei yanayouzwa dukani hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Hayatotoi, hata kuku akiyalalia mwezi mzima. Tumia mayai ya kuku anayeishi na jogoo. Kama huna jogoo, nunua kwa jirani unayejua ana jogoo.

Kila siku okota yai jipya na uandike tarehe kwa penseli. Acha yai moja au mawili kwenye kiota yenye alama ili kuku aendelee kutaga hapo. Yahifadhi mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiangalia chini. Usiyaoshe, kwa sababu maji huondoa utando unaozuia vijidudu kuingia.

Kuku akimaliza kutaga, mayai ya kwanza huwa yamekaa wiki mbili au zaidi. Hayo kula au uza. Chagua yasiyozidi siku 7 hadi 10, yenye ukubwa wa wastani na yasiyo na ufa. Kama hayatoshi, ongeza mayai mapya ya kuku mwingine. Kuku wa kienyeji hufunika vizuri mayai 8 hadi 12. Ukimzidishia, ya pembeni hupoa.

Kuku gani, na akae wapi?

Kuku aliye tayari hakai kiotani kwa kutaga tu: hulala humo usiku, hujitutumua manyoya na hulia ukimsogelea. Mjaribu siku mbili au tatu kwa mayai ya kubahatisha. Akitulia, mwekee mayai uliyochagua wakati wa usiku.

Port Bell iko kando ya Ziwa Victoria, karibu na bonde la Kinawataka. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana na kuingia kwenye makazi ya ufukweni. Hata mwaka wa kawaida, mvua kubwa hulowesha sakafu. Usiweke kiota chini. Tumia boksi au kikapu juu ya matofali au meza ya mbao, na utandike nyasi kavu. Nyunyiza majivu kidogo chini ya nyasi ili kupunguza chawa na utitiri, kwani kuku anayenyonywa damu usiku kucha huacha mayai.

Siku 21

Ukimwekea mayai Jumatatu usiku, tarajia vifaranga Jumatatu ya wiki ya tatu. Weka maji na chakula karibu. Kuku hushuka mara moja kwa siku, kwa dakika chache, na hilo ni kawaida.

Siku ya 7, usiku, shika kila yai mbele ya tochi ya simu. Ukiona mishipa myekundu kama utando wa buibui, yai liko hai. Lililo jeupe ndani halina kifaranga, liondoe. Kuanzia siku ya 18 usiguse kiota tena.

Vifaranga wa kwanza wakitoka, usiwe na haraka ya kuwalisha. Kiini cha yai kilichobaki tumboni huwatosha kwa siku moja hadi mbili, na mama anahitaji muda kumaliza mayai yaliyobaki.

Wiki za kwanza

Hapa ndipo vifaranga wengi hufa: kwa baridi, mwewe, paka, panya na magonjwa. Wafungie na mama yao, mchana chini ya tenga, usiku ndani.

Walishe chenga laini za mahindi zilizochanganywa na mukene (dagaa) uliosagwa. Mukene ulioanikwa chini huwa na mchanga, kwa hiyo upepete kwanza. Maji yawe kwenye chombo kifupi ili wasizame.

Ugonjwa wa kuogopa zaidi ni kideri (Newcastle), ambao huweza kumaliza kuku wote wa mtaa na hauna tiba. Kinga ni chanjo. Mchanje mama mapema, kabla hajataga mayai ya kuatamia, ili awapitishie vifaranga kinga ya wiki za mwanzo. Kisha muulize daktari wa mifugo ratiba ya vifaranga wenyewe. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, kwa hiyo changeni na majirani mnunue pamoja.

Je, unaruhusiwa?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kilimo na biashara. Hata hivyo, sheria ndogo ya Jiji la Kampala, pia ya mwaka 2006, inataka anayefuga mifugo mjini awe na kibali. Zungumza kwanza na mwenye nyumba na mwenyekiti wa LC1, kisha ulizia utaratibu wa kibali kwenye ofisi ya KCCA ya Divisheni ya Nakawa. Ni afadhali kuuliza ukiwa na kuku mmoja kuliko kuamriwa uwaondoe ukiwa na ishirini.